Aliyetangulia Kulala Chini

Mdogo wangu alikuwa na kifafa. Nyumbani kwetu, mtaa wa Ngagara, tulisema tu kwamba "anaanguka", na nje hatukusema lolote, maana baba alikuwa karani serikalini na aliona aibu. Mtoto alikuwa na sahani yake na kikombe chake, hakula nasi katika chombo kimoja. Shangazi, dada yake baba, aliyekimbilia kwetu mtaa wao ulipochomwa, ndiye aliyesimamia sheria: akianguka, asiguswe mpaka povu likauke mdomoni.

"Musimushike," alisema. "Ile mate itawapatia na nyinyi ugonjwa."

Watu waliozoea kuishi na mabomu waliogopa mate ya mtoto wa miaka saba. Nikikumbuka hilo leo nakasirika. Wakati ule sikuhisi kitu, vita vilikuwa vimetukausha.

Kabla ya hapo alimeza gardenali, dawa ya kifafa, kila jioni, na miezi ilipita bila kuanguka. Kisha dawa zikaadimika mjini. Mama alizunguka maduka yote ya dawa akarudi mikono mitupu, na kifafa kikarudi.

Baba naye alikuwa na sheria yake: risasi zikilia, lala, uso sakafuni, usiseme neno. Mdogo wangu alikuwa mzito wa kutii. Alizoea kusimama akishangaa hadi avutwe mguu.

Alasiri moja risasi zilianza upande wa milimani. Tulikuwa jikoni, maharage yanachemka kwenye jiko la makaa. Mdogo wangu alishuka chini kabla yetu sote. Baba alimwona, akanong'ona, "Ni vizuri, mutoto wangu," kisha naye akainamisha uso. Hakuna aliyeinua kichwa tena. Baadaye kidogo ikaja harufu.

"Maharagi inaungua," shangazi alisema.

Tulibaki tumelala. Ya nini kufa kwa ajili ya maharage? Risasi zilipopungua, mama alitambaa kwenda kuepua sufuria. Maharage yalikuwa salama. Mkono wa mtoto ulikuwa umeingia kwenye mlango wa jiko, penye makaa yanayodondoka, na mwili umelegea, povu mdomoni. Shangazi akaanza tena habari za mate. Mama hakumsikiliza. Alimwinua akamkumbatia, lile povu likampaka shingoni.

Kwenye kituo cha afya muuguzi aliuliza maswali yake: baba anafanya kazi gani, nyumbani tunalala wangapi, tunakula nguruwe, maana minyoo yake huweza kuleta kifafa, kuna mwingine wa ukoo anayeanguka. Baba alijibu yote polepole, kama yuko ofisini kwake. Mimi nilikuwa natazama bendeji, sioni uchungu wala huruma, natazama tu.

"Na wakati aliungua," muuguzi akauliza, "alikuwa peke yake?"

"Apana," baba alisema. "Tulikuwa sisi wote."