Kiraka cha Qiu Laigen

Profesa Geng alitumia miaka kumi na minane kuchunguza michoro ya vitabu vya kale, iliyopigwa chapa kwa vibao vya mti, na miaka yote hiyo hakupiga hodi hata siku moja kwa mchonga vibao. Ya nini? Fundi ana lipi la kumwambia msomi?

Alipokuja wilaya ya Shexian kutoa mhadhara, Qiu Yinzhu alikaa safu ya mbele na kibao cha mti wa mpeasi mapajani, kimefungwa kitambaa. Mama huyu wa miaka sitini na mitano alikuwa akichonga vibao vya kupigia chapa tangu usichana, kazi ya babu yake Laigen. Baba yake alikufa akitamani kitu kimoja tu, jina la Laigen liingie kwenye kitabu cha wasomi. Hilo ndilo lililomleta.

Geng akaonyesha picha ya mlima. "Tazameni ukungu huu pembeni mwa genge," akasema, sauti imemlegea kwa utamu. "Utupu wenye hekima. Nimeuandikia kurasa tisa."

Yinzhu akauma midomo asicheke. Watu walipotawanyika, akamfuata, akafungua kitambaa.

"Profesa, picha yako ilitoka kwenye kibao hiki. Alikichonga babu yangu, Qiu Laigen. Na huo ukungu ni kiraka. Patasi ilimteleza, akachimbua palipoharibika, akachomeka kipande cha mti kilicho chini kidogo kisishike wino, akaogopa kukichonga tena. Hebu pitisha kidole."

Msomi akapitisha. Uso ukamshuka. Akatazama huku na huku kama mwizi wa kuku.

"Bibi Qiu, tusikilizane. Jina la babu yako nitaliweka ukurasa wa kwanza wa kitabu changu. Hili la kiraka libaki kati yetu."

Yinzhu akakitazama kibao. Ukurasa wa kwanza. Baba yake angelia. Lakini kwa mafundi wa pale, kila kiraka huonyeshwa mwenye kazi kabla ya kupiga chapa. Anayeficha hapewi kazi tena.

"Mwanangu, sisi viraka tunavionyesha. Andika vyote viwili, au uache."

Geng akaacha. Mtu mzima na shahada zake, akachagua kurasa tisa za upuuzi.

Kitabu chake kilipofika maktaba ya wilaya, chini ya picha ya mlima paliandikwa: mchongaji hajulikani. Yinzhu akatoa kalamu, akaandika pembeni: Qiu Laigen. Ukungu ni kiraka.

"Mama, unaharibu kitabu," mhudumu akamwambia.

"Kimeshaharibiwa na mwenyewe," akajibu, akaupuliza wino ukauke.