Leso ya Muuza Viazi

Siku za soko pale Chaka, uchaguzi wa sabini na nne ulipokaribia, mama mmoja muuza viazi alitundika leso kama pazia kati ya magunia yake akawafundisha akina mama kupiga kura kwa maharagwe. Unaingia peke yako, unatumbukiza punje kwenye kibuyu cha mgombea unayemtaka, unatoka kimya. Aliyetoka akitaja kibuyu chake alirudishwa nyuma ya foleni, bila kugombezwa.

Siku ya kura yenyewe alimbeba mgongoni hadi kituoni bibi mkongwe, Cucu Murugi, ambaye magoti yalikuwa yamemkataa. Murugi alihisi viganja vyake vyenye udongo wa viazi vikimshika kama yai. Alijua kakake mama huyu anagombea, basi mlangoni akamnong'oneza, "Si nimpatie kaka yako?"

Muuza viazi alimkalisha mbele ya karatasi, akampa kisogo.

"Mimi nimekuletea miguu tu, Cucu. Kichwa uko nayo."