Kiti Nilichomkodia Mama Mkwe

Kusema uongo nilijifunza ukubwani, na nilijifunza vizuri. Kufikia Julai ya mwaka wa 2019 nilikuwa na uongo wa viatu, uongo wa usingizi na uongo wa sakafu. Nikijikwaa jikoni kwetu Katy, kitongoji cha Houston, ni viatu. Nikikataa kushika usukani, ni usingizi wa shifti. Nikijishikilia ukutani hospitalini, nilikofanya kazi ya uuguzi, basi sakafu ina maji, mnataka kuua mtu? Siku moja nilimfokea mama wa usafi mbele ya watu, naye akaniomba radhi kwa sakafu iliyokuwa kavu kabisa. Hiyo inaniuma hadi leo.

Ukweli ni kwamba miguu yangu ilikuwa inaniacha. Daktari aliniambia mwezi wa Machi, katika kliniki niliyoichagua makusudi upande mwingine wa Houston, karibu na Sharpstown, ambako mtu wa kazini kwetu hangenikuta. Ugonjwa wenyewe una jina refu. Sisi wauguzi huutaja kwa herufi mbili tu. Kinga ya mwili inageuka na kuishambulia mishipa ya fahamu ya mwenyewe. Nimewahudumia wagonjwa hao. Nimewaogesha. Waume zao pia nimewaona: wiki ya kwanza wanakuja na maua, mwezi wa pili wanapiga simu, mwaka wa pili unaambiwa utafute namba ya dada wa mgonjwa. Si wote, najua. Lakini ukishaona watatu wa namna hiyo, wale wazuri huwaoni tena. Basi nikanyamaza. Mume wangu alilala kando yangu miezi minne bila kujua lolote.

Kilichonisaidia ni toroli la supamaketi. Ukilishika, unatembea wima, hakuna anayekutazama mara mbili. Kazini nilikuwa na ile meza ya kompyuta yenye magurudumu, nikawa siiachi hata ninapoenda chooni. Wenzangu walidhani nimekuwa mchapa kazi kupindukia.

Ndipo mama mkwe akaja kututembelea kutoka Murang'a. Ana miaka sabini na kitu, mwembamba, mwepesi, mwenye ng'ombe watatu na maneno yasiyopungua. Mume wangu kwa furaha yake akatangaza kwamba tunaenda Dallas siku tatu, tutalala hoteli kule Euless, karibu na uwanja wa ndege, na wasichana wetu wawili pamoja na Shosho, nyanya yao, tutawapeleka kwenye bustani kubwa ya burudani, ile yenye magari ya reli yanayopanda juu na kuporomoka na watu wakipiga mayowe.

“Na hili jua?” nikasema. “Tutamuua mama yako.”

“Jua gani?” mama mkwe akadakia. “Mimi nimechuma majani chai na mimba ya miezi minane.”

Lakini sikuwa naogopa jua kwa ajili yake. Joto ndilo adui mkubwa wa ugonjwa wangu. Mwili ukipata moto, mguu unazima, unauambia nenda na hauendi. Nilijua kabisa kwamba nikitembea pale tangu asubuhi, saa sita mchana nitakuwa chini, mbele ya mume wangu na watoto wangu. Kukataa safari bila sababu nisingeweza, na sababu sikutaka kuitoa. Kwa hiyo nikatunga uongo mkubwa kuliko yote.

“Basi tumkodie Mama kiti cha magurudumu,” nikasema. “Huku mzee hatembezwi kwa miguu mahali kama pale. Ni heshima.”

Mama mkwe aliniangalia kana kwamba nimemtukana. “Mimi? Kwani nimekuja Texas kuzikwa?” Lakini mwanawe akambembeleza, akasema bustani ni kubwa kuliko soko la Gikomba mara kumi, na mwishowe mzee akakubali kwa shingo upande.

Duka la kukodisha lilikuwa si mbali na hoteli, ndege zikipita juu ya paa lake. Mwenye duka alikuwa Mzungu mwenye masharubu, mkarimu kupita kiasi. Badala ya kututolea kiti tulichoomba, akatuonyesha skuta ya umeme, nyekundu, yenye kikapu mbele na honi. Mama mkwe akaipanda bila kuombwa. Akaelekezwa kitufe kimoja tu, na huyo, akalizunguka duka lote, akapiga honi kwenye kona, wasichana wakimkimbilia nyuma kwa kicheko.

“Hii!” akasema. “Nipatieni hii hii. Ningekuwa nayo nyumbani, kazi ya kupeleka maziwa kwa deri ingekuwa starehe.”

“Hapana,” nikasema.

Wote wakanigeukia. Sasa ningewaambia nini? Skuta haina mahali pa mtu mwingine kushika. Ukiikodi, inakwenda na mwenyewe, na mimi nabaki nimesimama juu ya miguu yangu. Nikasema atagonga watoto wa watu na tutashtakiwa. Mwenye duka akasema mwendo wake ni wa pole, hata wazee wa miaka tisini wanaiendesha. Nikasema betri itaisha. Akasema inakaa siku nzima. Mume wangu akasema, “Si anaipenda? Shida iko wapi?”

Nikapandwa na hasira, hasira ya mtu aliyebanwa. “Nimesema nitamsukuma mwenyewe! Kwani ni makosa mtu kumhudumia mama mkwe wake?”

Hapo nani angenijibu? Mume wangu alilainika usoni, nikaona hata ameguswa. Mama mkwe alishuka kwenye skuta taratibu, akaniangalia kuanzia usoni hadi miguuni.

“Sawa,” akasema. “Amesema anataka kunisukuma. Wacha anisukume.”

Na nilimsukuma. Siku ya kwanza nilimsukuma kutoka lango hadi lango, nikiwa nimening'inia kwenye vile vishikio, na miguu yangu ikanitii. Mume wangu alijaribu kunipokea mara mbili, tatu. “Wacha nikusaidie, umechoka.” Nikakataa. Kila nilipokataa, mapenzi yalimzidi. Akatupiga picha: mama yake kitini na mkoba mapajani, mimi nyuma nikitabasamu, natiririka jasho. Akaituma kwenye kundi la familia kule nyumbani. Loo! Baraka zilimiminika. Mke mwema. Mungu akuzidishie siku. Shangazi mmoja aliandika kwamba wasichana wa siku hizi waje wasomee kwangu. Nilizisoma baraka hizo nikiwa chooni, nimeketi, kwa sababu ndipo pekee nilipoweza kuketi bila kuulizwa. Nilijisikia mchafu.

Kesho yake wakati wa chai simu ya mama mkwe ililia mfululizo. Kwanza dadake, halafu mwenyekiti wa akina mama wa kanisa. Picha ilikuwa imezunguka kijijini, na watu walitaka kujua amepooza upande gani. Nilimsikia akieleza tena na tena, “Sijapooza. Mimi ni mzima. Ni mke wa kijana wangu tu amenifanyia heshima.” Alikuwa anacheka kwenye simu. Akiiweka chini, hacheki.

Nilipaswa kusema wakati ule. Nilikuwa na kikombe mkononi, watoto walikuwa wanatafuta viatu, na nafasi ilikuwepo. Nikanywa chai.

Siku hiyo jua lilikuwa kali hata lami ilinata. Kufikia mchana mguu wa kushoto ulikuwa unaburuzika, nikawa naukokota na kuomba Mungu. Mume wangu na wasichana wakaenda kupanga foleni ya lile gari kubwa la reli, sisi wawili tukaambiwa tutafute kivuli. Kivuli kilikuwa juu ya kilima kidogo, kilima cha kuchekesha tu, mtoto angekipanda kwa baiskeli. Nikaegemea vishikio kwa uzito wangu wote.

Katikati ya kilima, bila kusema neno, mama mkwe akainuka. Aliweka miguu chini, akasimama, akapiga hatua mbele.

Kiti kisicho na mtu hakiwezi kukushika. Uzito wangu ulikuwa kwenye vishikio. Mbele hakuna aliyebaki wa kukilemea. Magurudumu madogo yaliruka juu, kiti kikapinduka kuja kwangu, nami nikaenda nacho hadi chini, makalio kwanza, halafu kiwiko. Watu wakaja mbio. Kijana mfanyakazi wa pale akauliza aite huduma ya kwanza, nikamwambia mimi mwenyewe ni nesi, asijisumbue. Nilisema hivyo nikiwa nimekaa kwenye lami ya moto, nisiyeweza kukunja goti langu mwenyewe.

Mama mkwe alikisimamisha kiti, akafunga breki, akanishika makwapani kama anavyoshika ndama, akaniketisha. Alinisukuma hadi kivulini. Hapo ndipo akaongea.

“Nimeinuka makusudi,” akasema. “Nilitaka kuona. Lakini sikutaka uanguke hivyo, na Mungu anisamehe.”

Nikamwuliza amejuaje.

“Tangu jana nakusikia mgongoni mwangu. Mtu anayesukuma anasukuma mbele. Wewe unakandamiza chini. Ni nini?”

Nikamwambia. Yote: Machi, kliniki, herufi mbili, joto. Nililia, kamasi na machozi pamoja, na watu wakipita na barafu zao za rangi. Nilitarajia aniambie pole. Hakuniambia.

“Kwa hiyo mimi umenifanya kiwete,” akasema, “ili wewe uonekane mzima.”

Nilijipangusa kamasi kwa kiganja.

“Kule nyumbani wanasali wakinitaja jina. Mimi! Na ungeniambia, ningekaa. Ungesema, Mama, naumwa, keti hapa nijishikilie, ningekaa kwenye hicho kiti hadi kiote kutu. Hukuniambia kwa nini?”

“Niliogopa utasema mlinioa mzima.”

Alifungua mkoba, akatoa leso, akanipangusa kiwiko kilichokuwa kinavuja damu, bila upole mwingi. “Mwanangu anajua?”

“Hajui.”

“Utamwambia akishuka pale. Si mimi. Nikimwambia mimi, itakuwa nimekushtaki, na sikuja kukushtaki.”

Tulikaa. Nilihesabu magari ya reli yanayopanda, nikiomba foleni iwe ndefu, iwe ndefu zaidi. Haikuwa.

Walitokea wakicheka, wasichana wamevimba kwa furaha, baba yao shati limemganda mwilini. Aliponiona kitini akacheka zaidi. “Haiya! Mmebadilishana? Mama, umemfuta kazi?”

Mama mkwe alisimama nyuma yangu, ameshika vishikio, akitazama upande mwingine. Na mimi, haki ya Mungu, uongo ulikuwa tayari ulimini. Jua limenizidi kidogo. Sijakunywa maji. Angeamini, maskini, angenikimbilia maji.

“Simama basi twende tukale,” akasema, akaninyooshea mkono.

“Siwezi.”

“Wacha mchezo.”

“Siwezi kusimama. Nina ugonjwa wa neva. Tangu Machi.”

Msichana mkubwa akauliza kwa Kiingereza, mama amesema nini? Kicheko cha mume wangu kilichelewa kuondoka. Kilibaki mdomoni wakati macho yameshabadilika. Akauliza, “Machi hii?” Nikasema ndiyo, Machi hii.

“Kila ukitoka shifti mimi nakukanda miguu,” akasema pole pole. “Jikoni, kwenye kile kistuli. Miezi minne nimeishika hii miguu kwa mikono yangu. Na hukuniambia?”

“Niliogopa.”

“Uliogopa nini?”

“Kwamba utaniacha.”

Nilijua nimemuumiza kabla sijamaliza sentensi. Mama yake aligeuza uso na kumtazama. Naye pia alikuwa anangoja kusikia jibu lake. Wasichana wakanisogelea, mdogo akashika kidole changu. Mume wangu alipita nyuma yangu, akamwondoa mama yake kwenye vishikio, akaifungua breki kwa teke na kuanza kusukuma, kuteremka kilima kuelekea lango la kutokea, kwa kasi, watu wakitupisha, watoto wakikimbia ili wasiachwe.

Siku mbili nilimsukuma mwenzangu na sikuwahi kufikiria jambo hili: ukiwa kitini humwoni anayekusukuma. Nilimwita, hakuitika. Nilisikia pumzi yake tu. Sikujua kama ni hasira, au kilio, au kama ndivyo mtu anavyoenda akishaamua kuondoka. Nikageuka kumtafuta mama yake, aliyekuwa akitembea kando yetu mwendo wa haraka, mkoba kwapani, nisome usoni mwake kile alichokuwa anakiona usoni mwa mwanawe. Alimtazama kwa muda mrefu.

“Punguza mwendo,” akamwambia. “Umebeba mtu.”

Akapunguza.