Mstari wangu kwenye kipimo cha mpwa wangu

Wakuu, poleni na mihangaiko. Hii sikuhadithiwa na mtu, damu iliyomo humu ni yangu.

Nauza spea za pikipiki Ruangwa. Dada yangu Zuhura yuko Kiegei, Nachingwea, na binti yake Shani. Kwetu Wamwera mtoto wa dada ni wako kabisa. Akiumwa, wa kwanza kupigiwa simu ni mjomba.

Shani aliishiwa damu, yuko hoi. Nikapimwa, damu ikaoana na yake, nikatoa. Alipowekewa akafumbua macho, akaomba soda. Nililia, sioni haya kusema.

Baadaye kidogo tukampeleka hospitali kubwa kupima selimundu. Dada akaulizwa kama mtoto amepewa damu ya mtu mwingine karibuni. Akajibu hapana.

Kipimo kinaitwa electrophoresis. Tone la damu linawekwa upande mmoja wa jeli, umeme unapitishwa. Hemoglobini ya kawaida na ya selimundu hazina chaji sawa, kwa hiyo ya kawaida inatangulia, ya selimundu inabaki nyuma. Kila moja inaacha mstari wake.

Ya Shani ikatoa mistari yote miwili. Tukaambiwa amebeba tu kinasaba, mwenyewe haumwi. Zuhura akachinja kuku!

Haikupita muda, Shani akashikwa na maumivu ya mifupa. Tukarudi. Dada wa maabara, mtu wa Kagera, akatuhoji upya, nami nikataja siku niliyotoa damu.

"Kaka, mbona mlisema hajapewa damu ya mtu?"

Zuhura akamtazama kama katukanwa. "Mtu gani sasa? Ile ya njomba wake. Si damu yake hiyohiyo?"

Yule dada hakucheka, namheshimu kwa hilo. Akamshika Zuhura mkono, akaeleza kwamba mstari uliotangulia ulikuwa wangu. Tusubiri damu yangu iishe mwilini, turudie.

Tuliporudia, mstari wa kawaida haukuwepo. Ni selimundu. Iliniuma kama nimemwacha mtoto peke yake njiani.

Sasa yuko kwenye dawa, anasoma, na ana maneno kuliko mama yake.

Nilichojifunza: hospitali wakiuliza habari ya damu, mjomba naye ni mtu mwingine. Mtajeni. Wenye watoto kama Shani, niambieni mnawaleaje, nasoma comments zote.

Juzi kaniuliza, "Njomba, mstari wako umekwenda wapi?"

Nikamwambia, "Umeisha, mama. Ila mwenyewe nipo."