Siku Saba Juu ya Saba

Kwa miaka mingi watu wamekuja nyumbani kwangu, hapa Mkomani, wakitaka kombe. Kazi hiyo sikuitafuta. Mwalimu wangu aliniachia alipozeeka na mkono wake ukaanza kutetemeka. Nalowesha zafarani kwa maji ya waridi, nachukua sahani nyeupe, naandika aya za shifaa, za kuombea uponyaji, kwa kalamu ya tete. Maandishi yakikauka nayaosha kwa maji safi na kuyatia chupani. Mgonjwa hunywa kila asubuhi kabla ya chakula, siku saba. Na kila mgonjwa nilimpa maneno yale yale, kwa sauti yangu ya darsani: kunywa kwa yakini, mtegemee Mungu, na kesho uende hospitali, maana dini haijamkataza mtu kutafuta dawa. Nilijiona mtu wa busara sana. Walimu wanaomshikilia mgonjwa mpaka akaharibika niliwasema hadharani, tena kwa ukali.

Siku moja, baada ya sala ya adhuhuri, mke wangu aliniita chumbani. Aliushika mkono wangu akauweka kwenye titi lake la kushoto, upande wa kwapani. Palikuwa na kitu kigumu, ukubwa wa kokwa ya tende.

"Wahisi?" aliniuliza.

Nilihisi. Nikamjibu kwa ile ile sauti ya darsani, "Si kitu, Bi. N'takuandikia kombe."

Daktari sikumtaja. Neno lilinifika mdomoni nikalimeza. Mamangu mzazi alikwenda hospitali kwa miguu yake kwa ajili ya uvimbe kama huo, akarudi amebebwa maiti. Halikuwa kosa la mtu, ugonjwa ulikwisha kumla. Lakini tangu siku ile, akilini mwangu, uvimbe huwa si ugonjwa mpaka daktari auguse. Najua ni upuuzi. Nilijua hata wakati ule, na bado nikasema moyoni: siku saba tu.

Siku saba zikapita. Sikuthubutu kugusa tena, nikawa namuuliza kwa mbali, "Vipi?" naye ananijibu, "Papo hapo." Nikaandika kombe la pili. Nikaandika la tatu, nikaongeza zafarani mpaka maji yakawa mekundu, nadhani nikitaka kumwonyesha kuwa sijakaa bure. Nikisali napoteza hesabu ya rakaa. Wanafunzi wanakosea herufi mbele yangu na mimi siwasikii. Nilimfokea muuza maziwa kwa kuchelewa, na kumbe hakuchelewa. Mke wangu akijigusa ubavu, hata kama anajikuna tu, uso naugeuza ukutani. Kombe juu ya kombe, zikawa wiki sita.

Ndipo akaja mwanamke mmoja kutoka Pate na binti yake aliyevimba shingo. Nikamuuliza, "Uvimbe huu tangu lini?"

"Yapata mwezi, mwalimu. Twali twamkanda kwa mafuta."

Nikapandwa na hasira. "Mwezi mzima! Na hospitali iko hapa! Wangoja nini, mama? Mngu amekupa dawa na akili, vyote ni vyake." Nilimsema mpaka yule mama akajifunika uso kwa buibui. Niliwaandikia kombe lao, nikawaambia wapitie kwa daktari kabla ya kupanda mashua ya kurudi. Wakaondoka.

Pazia la mlangoni likasogea. Mke wangu alikuwa amesimama pale, amesikia yote.

"Bwana," alisema, "na mimi nangoja nini?"

Nikaanza kumwambia habari ya subira. Akaniinulia mkono kunikatiza, jambo ambalo katika ndoa yetu hajapata kulifanya.

"Kombe n'talinywa hata kesho, ni maneno ya Mngu. Lakini we huandiki kwa yakini. Waandika kwa khofu. Umejifita nyuma ya sahani."

Akarudi jikoni. Nilibaki nimeketi kama mtu aliyekutwa mafichoni. Kwanza nilikasirika, sitaki kusema uongo. Nikatafuta la kumjibu, aya, hadithi, lolote, na kwa mara ya kwanza nikaona ninavyofanya: nazitafuta aya kama mtu anayetafuta mlango wa kutokea. Nikatandika msala, nikakaa juu yake bila kuomba. Hofu yangu nilikuwa nimeivisha kanzu nikaiita tawakali. Nilikuwa namtegemea Mungu anipe jibu nilitakalo. Kwa jibu jingine lolote, sikumwamini. Mimi, wa kuwafundisha wenzangu. Nililia, na baada ya kulia hofu ilikuwa pale pale, ila sasa naijua kwa jina lake.

Asubuhi yake tukaenda hospitali. Daktari alikuwa msichana kutoka bara, mpole, mwenye haraka. Alimpima kitambo, kisha akauliza, "Mama, hiki kivimbe ulikigundua lini?"

"Wiki moya," mke wangu alijibu upesi.

Alinistiri. Hata pale, juu ya kitanda kile, na kitu kile mwilini mwake, alikuwa anailinda heshima yangu kwa mtu asiyenijua. Ningenyamaza, hakuna ambaye angejua.

"Wiki sita, daktari," nikasema. "Aliniambia siku ile ile. Mimi ndiye niliyemchelewesha."

Daktari aliitazama kofia yangu, akamtazama mke wangu, akaandika. Hakunikaripia, na hilo likaniuma zaidi. Alichoma sindano akatoa kipande kidogo, akatuambia kitapelekwa Mombasa na majibu yatarudi baada ya wiki mbili. Nilimuuliza kama wiki sita zimeleta tofauti. Akasema hawezi kujua, tusubiri.

Tukarudi nyumbani kwa miguu, yeye mbele, mimi nyuma, kwa kuwa uchochoro ni mwembamba. Tulipokaribia mlango akageuka.

"Wanyamaza, Bwana. Wawaza nini?"

Nilijua la kumwambia. Nimeliambia nusu ya mji huu. Sauti ya darsani ilikwisha kunipanda kooni, nikaishusha.

"Naogopa, Bi."

Mabega yake yakashuka, akashusha pumzi kama mtu anayetua mzigo.

"Alhamdulillahi," akasema. "Basi sasa twaogopa sote wawili."