Nimepona, Ila Vifungo Nafungiwa na Wifi

Ndugu zangu wa kliniki ya presha, nesi ameniomba niongee nanyi wakati mnasubiri kupimwa. Naitwa Robi, nakaa hapa hapa Tarime, Turwa. Wengi mnanifahamu kwa fimbo hii na kwa mdomo wangu, ambao ugonjwa uliupindisha lakini haukuunyamazisha.

Kabla ya kuugua nilikuwa mpishi kwenye kambi ya watalii kule Serengeti. Nilikuwa na mikono, jamani. Sufuria ambalo vijana walilishika huku na huku, mimi nililiteremsha peke yangu na mchuzi haukumwagika. Presha nilishaambiwa ninayo. Dawa nilimeza kichwa kikiuma, kikiacha na mimi naacha. Nadhani ninao wenzangu hapa.

Asubuhi moja nilikuwa nakanda unga wa mikate, mkono wa kulia ukagoma. Nikafikiri nimeulalia vibaya. Nikanywa chai, ikatoka pembeni mwa mdomo ikanishukia kifuani. Wenzangu wakacheka. Nilipotaka kuwajibu, yakatoka maneno ya mlevi, wakaacha kucheka. Mguu wa kulia nao ukaniacha, nikaanguka palepale.

Hospitalini alikuja wifi yangu Ghati, dada wa marehemu mume wangu, ambaye naishi naye. Daktari akamwambia, "Mama, hiki ni kiharusi. Kupona kwake kutakwenda polepole." Ndugu wengine walisema nimerogwa kwa ajili ya ile kazi, wakataka kunitoa wodini wanipeleke kwa mganga. Ghati akaweka kiti chake mlangoni. "Mganga akija hapa nitamsalimia vizuri," akawaambia, "ila mgonjwa hatoki."

Nitasema wazi, maana tumekuja hapa na miili yetu. Nilikuwa najikojolea. Mate yalinitoka bila habari. Uji nililishwa kwa kijiko, nusu ukarudi kifuani. Mtu mzima, mama wa watoto, nageuzwa na kubadilishwa nguo kama kichanga. Nililia, na hata kulia kwenyewe kulikuwa kwa upande mmoja.

Niliporudi Tarime nikapata mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kijana mpole mwenye maneno makali. Alininyoosha vidole mpaka nikamtukana kwa Kikurya, naye akacheka kwa sababu anakijua. Nikakaa, nikasimama, nikatembea nimeshika ukuta, nikaachia ukuta. Lakini jikoni sikuweza kurudi. Mfuko wa hifadhi ya jamii niliokuwa nachangia ukanipeleka kwa jopo la madaktari, wakanipima, nikapewa pensheni ya ulemavu. Waliniambia muda ukipita nitaitwa tena, waangalie kama bado nastahili. Pensheni hiyo ndiyo dawa zangu, na ndiyo unga tunaokula mimi na Ghati.

Jumapili moja nikaiacha fimbo kwenye benchi, nikatembea mpaka mbele ya kanisa, nikashuhudia kwamba nimepona. Vigelegele vilipigwa. Nilifurahi sana siku ile, siwezi kuwaficha.

Haikupita muda mrefu nikaitwa Musoma kukaguliwa upya. Jirani yangu aliposikia akaniuliza, "Robi, si kanisa zima limekusikia umepona? Huko utasema nini?" Neno hilo nikalala nalo. Nikisema siwezi, ni kama namwita Mungu mwongo. Nikisema naweza, dawa nitanunua na nini? Na mnatujua sisi Wakurya. Kusema "siwezi" mbele ya mgeni ni kama kutoka nje bila nguo.

Nikajiandaa ninavyojua mimi. Nikaitoa blauzi yangu ya harusini, viatu vikapigwa rangi. Yule kijana wa mazoezi akanikuta nafanya zoezi la kutembea bila fimbo uani.

"Mama Robi, unafanya nini?"

"Najiandaa kwa madaktari."

"Unawaandalia mguu wa Jumapili," akasema. "Wapelekee wa Jumatatu. Ule wa kwenda chooni asubuhi."

Jioni Ghati akajifanya daktari. Akakaa kwenye kigoda, miwani yangu puani.

"Unapika?"

"Napika."

"Sufuria nani anaipua?"

"Wewe."

"Ugali nani anasonga?"

"Wewe. Lakini mimi ndiye nakuambia umeiva."

"Basi unapika kwa mdomo," akasema. "Nguo unavaa mwenyewe?"

"Navaa."

"Na vifungo vya leo alifunga nani, malaika?"

Nikaviangalia vifungo kifuani. Kila asubuhi Ghati hunifunga vifungo huku tunapiga soga, nami nilikuwa nimeshasahau kwamba nafungiwa. Msaada wa kila siku hauonekani, ndugu zangu. Usiku ule tukakaa tukakumbushana yote anayonifanyia, tukaweka pamoja na kadi za kliniki na karatasi za hospitali.

Na bado siku yenyewe ilipofika, mdomo ukanisaliti. Niliingia na fimbo yangu, Ghati pembeni. Daktari, mama mmoja wa makamo, akauliza, "Hujambo mama, unaendeleaje?"

"Sijambo, daktari. Mungu ni mwema, nimepona."

Akaandika. Nilimwona akiandika neno hilo hilo.

"Nguo unavaa mwenyewe?"

"Navaa."

Ghati akakohoa. Nikamwangalia, nikakumbuka kile kigoda na ile miwani.

"Daktari, nisamehe," nikasema. "Naomba nirudi nyuma. Nimezoea kujibu hivyo. Mungu ameniponya nisife, na ninamshukuru. Mkono bado. Blauzi hii kanifungia wifi yangu."

Daktari akaweka kalamu chini. "Nifungulie kifungo kimoja cha juu, halafu ukifunge."

Kufungua niliweza kwa mkono wa kushoto. Kufunga kukanishinda. Ule wa kulia ulikuwa unatetemeka, kifungo kinateleza, nakitafuta tena. Ghati akanyoosha mikono anisaidie, kwa mazoea tu.

"Mwache," daktari akasema taratibu.

Ghati akarudisha mikono yake chini ya mapaja na kuikalia, machozi yakimtoka. Hakuwahi kuniona nikishindwa mpaka mwisho. Kila siku alikuwa ananiwahi.

Pensheni yangu imeendelea. Nilipopata habari nilikaa chini palepale. Jumapili iliyofuata nikaenda tena mbele ya kanisa, safari hii na fimbo. Nikamshukuru Mungu kwa uhai, halafu nikamwita Ghati asimame, nikamshukuru kwa vifungo. Vigelegele vya siku hiyo vilizidi vile vya kwanza, na Ghati mpaka leo analalamika nilimwaibisha.

Ushauri wangu ni mdogo. Mezeni dawa hata kichwa kisipouma. Ukiitwa kukaguliwa, kaa kwanza na yule anayekusaidia, yeye anaujua mwili wako kuliko wewe. Na sasa namwona nesi anakuja na mashine yake. Atawauliza, "Hamjambo?" Tafadhali msimwitikie "Hatujambo" wote kwa pamoja. Mwacheni afike kwa kila mmoja, kisha mwambieni mlivyo.