Ugomvi wa Mwezi
Mlinzi mwenzangu hapa makumbusho ya Doha, bwana mmoja wa Unguja, hukifuta kioo cha kabati moja la maonyesho kwa leso kila mgeni akiondoka. Ndani mna barua za wanazuoni wawili wa karne ya kumi na nane, mmoja wa Basra, mwingine wa Zabidi, zilizojalidiwa pamoja. Ukurasa hufunuliwa mara moja kwa mwezi. Yeye husoma, kisha huwahadithia wageni kwa sauti ya barazani. Mara ya mwisho yule wa Zabidi alikuwa amenuna: walihitilafiana juu ya mwandamo wa Ramadhani. Bwana wetu akakosa raha mwezi mzima. Leo, siku yake ya mapumziko, kaja na kanzu, kainama, kasoma, kacheka.

"Kamsamehe mwenzake," akaniambia. "Ila mwezi hajaukubali mpaka leo."